Paa la Bapa na Baridi ya Minnesota

Hotuba hii ilitolewa Minneapolis, mwezi Septemba, mbele ya wenye maduka, wenye migahawa na wajumbe wa kamati za majengo ya ibada. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wetu, mama zetu, kaka na dada, hamjambo?

Nianze na swali. Ni nani hapa amewahi kuweka ndoo chini ya dari mwezi wa tatu, jua linawaka, mvua hakuna, na maji yanadondoka? Inueni mikono. Haya, naiona. Ikumbukeni mikono hiyo, nitairudia.

Wengi wetu tumekulia chini ya bati. Bati lina mteremko, mvua ikinyesha maji yanashuka yenyewe. Likivuja, msumari umelegea au kutu imetoboa. Unapanda na lami kidogo, unaziba, yamekwisha. Hapa tumenunua majengo ya matofali ya zamani yenye paa la bapa, na tumekuja nalo lile zoea la bati. Ndugu zangu, paa hili halitaki zoea lile. Hata ile lami ya kuziba, mtaona baadaye, ndiyo inayoharibu mapaa yetu mengi.

Neno langu leo ni moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: msinunue utando, nunueni paa. Utando ni ngozi tu, ile ya juu inayozuia maji. Chini yake kuna bodi za kuhami joto, chini ya bodi kuna kizuia mvuke, chini kabisa kuna kitako cha mbao, bati la chuma au zege. Juu yake kuna njia ya maji. Baridi haichagui, inapenya pale palipo dhaifu katika hivyo vyote.

Tuanze na ngozi yenyewe, maana ndiyo mkandarasi atakayoitaja kwanza.

Miaka ya 1970 na 1980 majengo mengi Marekani yaliezekwa kwa utando wa PVC usio na wavu ndani yake. Plastiki tupu. PVC kwa asili ni ngumu kama bomba la maji. Ili ikunjike huchanganywa na kilainishi. Kilainishi kile kilikuwa kinatoka kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kwa jua na joto. Plastiki ikasinyaa, ikajivuta ukingo hadi ukingo, ikakaza kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Kisha ukaja usiku wa baridi kali. Ufa ukaanzia mahali pamoja ukakimbia paa zima, kama kioo kilichopigwa jiwe. Wala halikuwa balaa la jengo moja. Mwaka 1990 chama cha wakandarasi wa mapaa, NRCA, na chama cha watengenezaji wa tando za aina hiyo, SPRI, walitoa tahadhari ya pamoja kuhusu tando hizo zinazovunjika.

Tando zile zilionekana nzima majira ya joto. Mteja alipopanda mwezi wa saba aliona paa safi, limenyooka. Kwa hiyo unapochagua utando Minnesota, usiulize tu utakuwaje siku ya kwanza. Uliza utakuwaje usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri za Farenhaiti, ukiwa na umri wa miaka 15. Nyuzi zote nitakazotaja leo ni za Farenhaiti.

PVC ya leo ina wavu wa poliesta ndani yake, na ikinunuliwa kwa unene mzuri ni utando wa kuaminika. Lakini kwa majengo mengi ya watu waliomo humu, pendekezo langu ni mpira mweusi, EPDM, wa mil 60. Mil ni sehemu ya elfu ya inchi. Mil 60 ni kama milimita moja na nusu. Kuna wa mil 45, bei yake ni nafuu zaidi, lakini koleo moja la theluji likiteleza umeshatoboka. Kuna wa mil 90, na mwenye uwezo asisite. Mpira huu unabaki laini hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Weusi wake unasaidia pia: jua la mwezi wa pili likiupiga, theluji inaanza kuyeyuka na unyevu ulionaswa chini unapata nafasi ya kukauka. Mtaambiwa nyeupe inapunguza gharama ya umeme. Kule Texas, ndiyo. Hapa tunalipia joto miezi mingi kuliko tunavyolipia kupoza, na utando mweupe hukawia kukausha kilicho chini yake.

Udhaifu wa mpira ni miwili. Wa kwanza ni maungio, kwa sababu hauchomelewi. Unaunganishwa kwa praima, yaani kimiminika cha kuandaa uso ushike gundi, na utepe wenye gundi pande mbili, angalau inchi 3 upana. Wa pili ni mafuta. Wenye migahawa, sikilizeni hapa. Feni ya jikoni inatoa moshi wenye mafuta ya kukaangia, na mafuta hayo hutua juu ya paa kuizunguka feni. EPDM ikilowa mafuta inavimba, inakuwa na mawimbi, inalainika mpaka ukibonyeza kidole kinazama. Aliyeweka mpira mweusi juu ya jiko la sambusa na kuku wa kukaanga atarudi kununua tena. Jiko kama hilo litafutiwe PVC, ambayo huvumilia mafuta, na feni iwekewe kisanduku cha kunasia mafuta kinachobadilishwa kabla hakijajaa. Mkiweka PVC, isigusane na lami ya zamani wala bodi za polistairini, zile za povu la plastiki, moja kwa moja, kwa maana zinanyonya kilainishi chake. Katikati huwekwa tabaka la kutenganisha.

TPO, utando mwingine wa plastiki, nayo inachomelewa kwa hewa ya moto kama PVC. Mshono ukichomelewa vizuri, upana usipungue inchi moja na nusu, unakuwa kitu kimoja na utando. Lakini mashine iliyopangwa kwa asubuhi ya nyuzi 60 haitachomelea sawa siku ya nyuzi 30. Fundi mzuri anakata kipande cha majaribio kila asubuhi, anakivuta kwa mikono. Kikiachia kwenye mshono, anarekebisha joto na mwendo kabla ya kuanza.

Lami ya kisasa iliyochanganywa na mpira, SBS, tabaka mbili, ndiyo inayovumilia zaidi kukanyagwa. Nina tahadhari moja tu. Aina nyingine hubandikwa kwa tochi ya gesi, na majengo yetu mengi yana kitako cha mbao kavu cha miaka 80 au 100. Moto unaingia kwenye upenyo wa ukuta, unakaa kimya, fundi ameshakwenda nyumbani. Kwa kitako cha mbao kataeni tochi. Ombeni ya kubandika kwa gundi yake yenyewe.

Na lini? Sasa, Septemba, au mwezi wa tano. Gundi na praima nyingi hazitakiwi kutumika chini ya nyuzi 40 za Farenhaiti. Mwezi wa kumi na moja kuna baadhi ya wakandarasi wanaopunguza bei ili wamalize mwaka. Baridi inaichelewesha gundi kukauka, umande unakaa juu yake bila kuonekana, na utando unabandikwa juu ya maji. Mshono huo utaonekana mzima. Utaachia.

Sasa nirudi kwa ile mikono.

Chukueni ukumbi wa ibada wenye watu 150. Wanaingia na makoti yenye theluji, chai inachemka jikoni, watu wanapumua, wengine wametoka kutawadha. Hewa ya ndani ni nyuzi 70, na unyevu wake tuseme asilimia 40. Hewa hiyo ikigusa kitu chenye baridi ya nyuzi 45 au chini yake, inatoa maji. Nyuzi 45 tu! Huo ni ubaridi wa siku nzuri ya mwezi wa nne, na chini ya utando usiku wa Januari ni baridi mno kuliko hapo.

Hewa ya joto inapanda. Inapita kwenye tundu la taa, pembeni ya bomba la choo, kwenye nafasi kati ya bodi na bodi, mpaka inagusa upande wa chini wa utando. Pale haitoi hata tone. Inaganda kuwa sakitu. Desemba sakitu, Januari sakitu, Februari sakitu. Miezi mitatu barafu inajijenga juu ya vichwa vyenu na hakuna anayejua. Mwezi wa tatu jua linapiga mpira mweusi, barafu yote inayeyuka kwa siku mbili, maji yanashuka. Mnamwita fundi. Fundi anapanda, anapaka silanti, ile gundi ya kuzibia nyufa, kila mahali, anachukua hela, na maji yanakoma. Je, yamekoma kwa sababu ya silanti? Yamekoma kwa sababu barafu imekwisha. Mwaka unaofuata mwezi wa tatu ndoo inarudi palepale.

Mtatofautishaje? Panda utazame. Kama paa halina theluji, mvua haijanyesha, na bado linadondoka, hilo ni jasho la paa. Kama kuna theluji inayeyuka au mvua imenyesha jana, tafuta tundu. Andikeni tarehe na hali ya hewa kila mara maji yanapodondoka. Daftari la shilingi chache litawaokolea maelfu ya dola.

Jasho haliponywi kutoka juu. Linaponywa paa linapojengwa upya: kwanza kizuia mvuke juu ya kitako, upande wa joto, kikizibwa vizuri ukutani na kuzunguka kila bomba. Kisha bodi, tabaka mbili, maungio ya tabaka la juu yasikutane na ya chini. Tabaka la chini lipigwe skrubu, la juu ligandishwe kwa gundi. Kwa nini? Kwa sababu skrubu ya chuma inayopita paa zima ni daraja la baridi. Kichwa chake kiko kwenye barafu na ncha yake iko ndani ya ukumbi. Nafasi yoyote kati ya bodi inayozidi robo inchi ijazwe povu. Na utando wenyewe ubandikwe kwa gundi. Utando ulioshikwa kwa skrubu za mistari tu unapepea kwa upepo, na kila unapoinuka unavuta hewa ya ndani ije chini yake, kama mvukuto wa mhunzi.

Unene, sheria ya hapa Minneapolis inataka R-30 juu ya kitako, na kaskazini kama Duluth R-35. R ni kipimo cha uwezo wa bodi kuzuia joto lisipite; namba ikiwa kubwa, inazuia zaidi. Kwa bodi za poliiso, zile za povu gumu, hiyo R-30 ni kama inchi 5 na nusu. Bodi hizo hupungua nguvu kwenye baridi kali, kwa hiyo mkipunguziwa nusu inchi kwenye makadirio msikubali.

Kabla ya kupokea makadirio yoyote, kateni tundu la uchunguzi. Ni kipande cha inchi chache kinachokatwa kutoka juu hadi kwenye kitako, kisha kinazibwa siku hiyohiyo. Mtaona kuna mapaa mangapi, kwa kuwa wazee waliotangulia waliezeka juu ya paa. Yakiwa mawili tayari, sheria hairuhusu la tatu; yote yanang'olewa. Na mkiminya bodi ikatoa maji kama sifongo, mkandarasi anayewaambia atafunika tu, mkataeni. Msinunue utando. Nunueni paa.

Jambo la maji, nalo ndilo lililo na roho za watu ndani yake.

Mtakumbuka uwanja wa michezo wa Metrodome hapa mjini, Desemba 2010, theluji ilivyolichana paa lile. Lilikuwa paa la kitambaa lililobebwa na hewa, halifanani na yetu. Linalofanana zaidi liko Poland. Tarehe 28 Januari 2006, karibu na Katowice, watu walikuwa ndani ya ukumbi wa maonyesho ya njiwa wa mashindano. Paa lilikuwa bapa, juu yake theluji na barafu havikuwa vimeondolewa, na jengo lenyewe lilikuwa na makosa ya usanifu. Likaporomoka. Watu 65 walikufa. Walikuja kutazama njiwa.

Hebu tupige hesabu. Maji ya kina cha inchi moja yana uzito wa pauni 5 na kidogo kwa kila futi mraba. Theluji mpya, nyepesi, inchi 10 hadi 12 ndiyo inafikia uzito huo. Theluji ya zamani iliyoshindiliwa, inchi 3 hadi 5 zinatosha. Barafu, inchi moja tu. Sasa paa limebonyea katikati, maji yamesimama eneo la futi 20 kwa 20, kina inchi 2. Ni zaidi ya pauni 4,000 mahali pamoja, kabla hata theluji haijaanguka juu yake. Na uzito ule unabonyeza zaidi, ubonyevu unakaribisha maji zaidi.

Kwa hiyo mteremko. Paa la bapa halitakiwi kuwa bapa kabisa; linataka robo inchi kwa kila futi. Kama kitako chenyewe kimelala, mteremko unatengenezwa kwa bodi zilizochongwa upande mmoja nene, mwingine nyembamba. Maji yakisimama zaidi ya saa 48 baada ya mvua, pana kasoro.

Yaende wapi? Nyumbani tumezoea gata pembeni. Hapa gata la pembeni ni jokofu: maji yanayeyuka juu ya jengo lenye joto, yanafika ukingoni penye baridi, yanaganda, yanajenga ukuta wa barafu, na yanayofuata yanarudi nyuma kutafuta mshono. Tundu la katikati ya paa, bomba lake likishuka ndani ya jengo penye joto, haligandi kirahisi. Bomba hilo la ndani livikwe sponji ya kuhami, la sivyo maji ya theluji yanayopita yatalifanya litoe jasho juu ya dari, na mtalaumu paa bure. Na lazima pawe na njia ya pili ya dharura, inchi 2 juu zaidi, ili tundu la kwanza likiziba maji yasipate pa kujikusanya. Mkiyaona maji yanatoka kwenye njia ya pili, msifurahi. Lile la kwanza limeziba.

Paa haliharibikii katikati, uwanja ulipo wazi. Linaharibikia pembeni na pale kitu kinapopita: bomba, mguu wa kiyoyozi, ukuta. Utando upande ukutani angalau inchi 8. Kwa theluji yetu, 12 ni bora. Kwenye mpira wa zamani tazameni kona ya ukuta na paa. Ukiona utando umeacha kona, umejivuta kama kamba iliyokazwa na chini yake kuna uwazi, umesinyaa. Usiukanyage pale wakati wa baridi.

Sasa utunzaji. Mara mbili kwa mwaka: mwezi wa tano, na mwisho wa Oktoba majani yakishaanguka. Na kila baada ya dhoruba. Oktoba, toeni majani yote kwenye matundu, mwageni ndoo ya maji mtazame inavyokwenda. Kazeni boliti za pete ya tundu. Pitisheni kidole, au kifaa butu, kwenye ukingo wa kila mshono; pakiinuka, wekeni alama ya chaki. Okoteni skrubu zilizoachwa na fundi wa kiyoyozi, kwa maana skrubu moja chini ya kiatu ni tundu. Fundi wa dishi la televisheni asitoboe paa lenu. Mwenye waranti anaweza kuipoteza kwa tundu moja lisilo na kibali.

Ikitokea tundu dogo kwenye mpira, msipake lami. Lami ina mafuta ya petroli, na mpira na mafuta tumeshasema. Mahali palipopakwa lami panavimba, na baadaye hakuna kiraka kitakachoshika pale. Inabidi kukata kipande chote. Fanyeni hivi. Osheni kwa maji na sabuni, futi moja kuzunguka tundu, pakauke kabisa. Pakeni kisafishio cha mpira kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kiache kutoka cheusi. Kateni kiraka chenye gundi yake, kizidi tundu inchi 3 kila upande, na pembe zake ziwe za mviringo, kwani pembe kali ndiyo inayoanza kuinuka. Pakeni praima. Gusa kwa kidole kikavu. Ikivuta nyuzi, subiri. Ikiwa haivuti, bandika kuanzia katikati kwenda nje, kisha pitisha rola ya inchi 2 kwa nguvu, kwa njia moja na kwa njia ya pili. Dakika 20 za kazi, na nyingi kati yake ni za kusafisha.

Theluji nayo. Msipande kila inapoanguka, kwa maana koleo zinatoboa mapaa mengi kuliko theluji inavyoyaangusha. Mjue jengo lenu linabeba kiasi gani. Mwombeni mhandisi aandike namba. Ikibidi kuondoa, koleo la plastiki, na muache inchi 2 juu ya utando bila kugusa. Msipige barafu kwa shoka wala mtaimbo. Msimwage chumvi. Msirundike theluji mahali pamoja. Toeni sawasawa pande zote, na mwanze na rundo lililokusanywa na upepo kando ya ukuta mrefu, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito. Milango ya ndani ikianza kukwama, dari ikipasuka, mkisikia paa linalia, msipande. Toeni watu nje kwanza, piga simu 911.

Nimemaliza yangu ya kusema. Ngazi iko mlango wa nyuma, na mwenye jengo ametupa ruhusa. Twende wanne wanne, viatu vya soli laini tafadhali. Kuna tundu la maji upande wa mashariki lenye majani ya mwaka jana, na kuna mshono mmoja nataka kila mtu apitishe kidole chake.